Karatasi za Mswisi na Harusi ya Mdogo Wangu

Mimi simlaumu Mswisi, mchoraji aliyepanga nyumba ya pili. Namlaumu jirani yetu aliyempelekea maji ya kunywa, akachungulia pasipomhusu, akateremka ngazi na habari kwamba yule mama mzungu amemchora mwanamke wa darini kwetu, juu ya nyumba, kichwa wazi. Mtaani kwetu Mkomani nyumba zimeshikana. Adhuhuri haijaadhiniwa, habari ilikuwa imeshamfikia shangazi wa bwana harusi, aliyekuja asubuhi ile na watu wake kutoka Kizingitini kwa ajili ya nikaha ya kesho yake.

Mdogo wangu alikuwa mwali. Yuko ndani, haonekani na mtu, ila jioni hupanda darini kusuguliwa singo ya manukato na kupata hewa. Dari ya Mswisi iko juu kuliko yetu. Sote tulijua hivyo, na hakuna aliyefikiria, maana mtu akikaa karibu siku nyingi unamsahau kama unavyosahau ukuta.

Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa, akaikataa kahawa, akamwambia mama, "Bi, nataka kuiona hiyo picha. Kama mwali wenu ameshaanikwa, sisi tutarudi na boti ya alasiri."

Mama akanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia Mswisi chakula cha mchana tangu nilipoachwa na mume nikarudi kwetu. Mimi ndiye niliyejua Kiingereza chake.

Na kweli nilimjua. Alipenda kunieleza habari za wachoraji wa kwao wakati nakuna nazi. Zamani, alisema, walichora milima na maziwa ya Uswisi mpaka ukiitazama picha unahisi baridi. Wakaja waliochoka na mlima, wakauvuta ukawa mistari na rangi tupu. Kisha wakaja wengine wakaacha kuchora kitu chochote, wakabaki na miraba na duara, rangi wanazipima kama fundi cherehani anavyopima kitambaa. Nikamwuliza, na mlima umekwenda wapi? Akasema mlima bado umo, ila umepunguzwa. Yeye mwenyewe alipita ndia hiyo hiyo: ujanani alichora nyuso za watu, uzeeni akajifunza kupunguza. Nilimwona ana lake kichwani, lakini nilimpenda.

Ila picha yake mpya sikuwa nimeiona. Aliifunika shuka, hakumwonyesha mtu kazi isiyokwisha. Basi tulipopanda zile ngazi, shangazi mbele, mama nyuma yangu anasoma dua, sikujua tunakwenda kukuta nini. Kichwani nilishamwona mdogo wangu amekaa na hina yake mikononi, na watu wanafunga mizigo.

Nikamweleza Mswisi kwamba wageni wanataka kuiona picha. Alifurahi kama mtoto siku ya Idi, akaiondoa shuka.

Miraba. Mweupe, mwingine mweupe wa namna nyingine, wa kijivu, na kipande cha rangi ya chungwa pembeni. Shangazi akasogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. "Mato yangu hayaoni mtu hapa," alisema. Mama alishusha pumzi mpaka nikaisikia shingoni.

Yangeishia hapo, lakini Mswisi akauliza amesema nini, nikamwambia. Nikaona uso wake unabadilika. Ukimwambia mchoraji wa namna ile kwamba picha haina kitu, umemtukana. "Mwambie yumo," akasema, na akalivuta jalada kubwa kutoka chini ya kitanda.

Nikajua tumekwisha. Kazi yake huanza na mchoro kamili, kila kitu mahali pake. Kisha huchora upya, anapunguza, tena anapunguza, na karatasi zote huziweka. Sasa alianza kuzipanga sakafuni kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Nikamwambia kwa Kiingereza basi, inatosha, wageni wana haraka. Akanijibu kwamba hazitachukua muda.

Karatasi ya kwanza kuiweka, mraba mweupe ukawa ukingo wa dari. Iliyofuata, chungwa likawa leso kwenye kamba ya kuanikia. Iliyofuata, mkono. Shangazi akapiga magoti sakafuni na buibui lake. "Anakuja," alisema, taratibu. Mama alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaniingia. Ikawekwa nyingine: shingo, nywele zimeachwa wazi, uso haujachorwa. Nilitaka kuirukia ile iliyobaki na kuitafuna.

Mswisi akaiweka.

Shangazi aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Akaitazama tena karatasi. Mwanamke ameinua mkono anaanika, kibanio cha nguo mdomoni, nywele zimemwangukia mgongoni, na kidevu ni changu, na kovu la nyushi ni langu. Mimi ndiye ninayeanika nguo za nyumba ile. Katika hofu yote ile halikunijia hata mara moja wazo kwamba kuna mtu angekaa akanitazama mimi.

"Ni huyu," shangazi alisema, na akacheka, akaomba ashikwe mkono ainuke. "Kumbe ni huyu. Tulitaka kutiliwa kitumbua mchanga bure."

Mama alikuwa analia kwa furaha. Akanikumbatia, akanibusu kichwani. "Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi, mwanangu, ni wewe tu."

Wakateremka, wanaulizana habari za mchele wa pilau. Mimi nilibaki nimesimama na nywele zangu sakafuni, wazi kwa kila mtu, na moyo unaniuma kwa namna ambayo siku niliyopewa talaka haukuniuma.

Mswisi alikusanya karatasi zake, ameridhika. Akaniuliza mama yangu amesema nini.

Nikamwambia, anashukuru.