Raba za Namwase Zisizopakwa Mafuta

Tangu aambiwe raba zake huenda zikapanda angani, Namwase wa Bugembe hakushikika. Kazi yake ni kutengeneza raba za kukalia injini za malori, zile zinazomeza mtikisiko ili dereva asing'oke meno. Sasa Geresom, injinia wa chuo kimoja cha Mbale, alikuwa amemwagiza raba nne ndogo za kukinga kamera ya setilaiti, roketi isije ikaivunja kwa kutikisika. Zikifaulu majaribio, zinapanda. Zikishindwa, zitaagizwa za ng'ambo. Weee! Bugembe nzima ilijua.

Siku ya majaribio alifika Mbale amevaa gomesi ya harusi. Geresom akaziweka raba na kamera ndani ya tangi la chuma, akatia joto, akawasha pampu inyonye hewa yote, maana huko juu hewa hakuna.

Walipofungua, kioo cha kamera kilikuwa na ukungu kama mfuniko wa sufuria ya matoke.

"Mama, hizi raba zimetoka jasho," Geresom akasema. "Pasipo hewa, mafuta yanatoka kwa raba kama mvuke, yanashika kioo. Raba nayo inakauka, inakuwa ngumu, haimezi tena mtikisiko. Ulipaka nini?"

Namwase alitamani ardhi immeze. "Vaselini, injinia. Asubuhi, zing'ae. Bugembe nani anampa mteja raba imepauka?"

Mkamia maji hayanywi, jamani! Geresom alicheka mpaka akakaa chini.

"Hazijabaki nyingine ambazo hukuzipaka?"

"Ziko kwa mkoba, lakini sura zake naona aibu."

Geresom akazioka kwanza peke yake tangini, ziteme mvuke wake mbali na kamera, kisha akarudia jaribio. Namwase akafumba macho. Akaomba kwa Lusoga, akarudia kwa Kiswahili, Mungu asije akasema hakusikia.

Tangi likafunguliwa. Kioo safi! Wakaiweka kamera juu ya raba zake kwenye meza ya kutikisa. Meza ikanguruma, ikarukaruka. Kamera ikatulia tuli. Geresom akaiwasha, akamwelekezea Namwase. Kwenye skrini akatokea yeye mwenyewe, machozi mashavuni, mdomo wazi mpaka jino la mwisho.

"Zinapanda, Mama."

Namwase akapiga vigelegele. Akamkumbatia injinia, akamkumbatia mlinzi aliyekuja mbio kuona nani anauawa, akalikumbatia na tangi lenyewe, likiwa bado la moto. "Uwi!" akaruka, na hata hapo hakuacha kucheka.