Muuza Nyama na Saladi ya Mama Mkwe

Saa saba kasoro dakika kumi mchana, wateja watatu bado wamesimama mbele ya bucha, lakini muuza nyama ameshaanza kuvua aproni.

"Jamani, mtanisamehe. Narudi saa nane," anasema huku akifunika nyama kwa kitambaa cheupe.

"Nyongeza, nipimie nusu kilo tu," analalamika mama mmoja mwenye kikapu. "Nusu itakuchelewesha nini?"

"Itanichelewesha, dada yangu. Ukipita saa nane nitakuwa nimekuwekea pande zuri."

Anafunga mlango wa wavu na kutia kufuli. Nyuma ya bucha kuna bomba. Ananawa mara mbili kwa sabuni ya kufulia, halafu anajisugua kwa ganda la limau mpaka chini ya kucha. Ananusa viganja vyake, anakunja uso, ananawa tena.

"Mama akisikia harufu ya nyama kwenye mboga, hali," anamweleza mwandishi aliyekuja kumtembelea. "Macho hana, lakini pua yake ni balaa."

Nyumba yake iko hatua mia mbili hivi kutoka bucha: vyumba viwili, sebule ndogo, na jiko lenye dirisha moja. Mezani ameketi bibi wa miaka sabini na mmoja, mgongo umenyooka, anapapasa matango manne yaliyo mbele yake moja baada ya jingine. Ni mama mkwe wake. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Mtu akisimama mbele yake, humwona kama moshi.

"Hili limelala," anasema na kulisukuma tango moja pembeni. "Umeuziwa la juzi."

"Nimeambiwa ni la leo asubuhi, mama."

"Na wewe ukaamini. Si ndiyo hayo hayo unayowaambia watu kuhusu maini?"

Muuza nyama anacheka. Bibi hacheki. Anaendelea na tango linalofuata.

Jina la Nyongeza alipewa na wateja, kwa sababu kila akimaliza kupima hurusha kipande kimoja zaidi juu ya mizani. Ana umri wa miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya gogo la kukatia nyama. Siku ikiwa njema huuza kilo arobaini. Saa hii moja anayofunga kila mchana humpotezea kilo sita au saba, maana ndiyo saa mafundi wa karakana ya jirani wanapotoka.

"Wengine wamehamia bucha nyingine," anasema bila kinyongo. "Waache waende. Mimi nina mtu wa kulisha."

Alikuwa na mke, mshona sare za shule. Waliishi pamoja miaka kumi na tisa, hawakujaliwa mtoto. Nyama haikukosekana nyumbani kwao hata siku moja, na yeye alijisifu kwa hilo kila alipokaa na wenzake. Nyama ya kukaanga jioni, supu asubuhi, na kikopo cha chumvi katikati ya meza.

Miaka minne iliyopita, mke alirudi kutoka zahanati na pakiti ya vidonge na kikapu cha mboga. Alikuwa ameambiwa ana presha. Kuanzia siku ile akawa anatengeneza saladi kila jioni. Mumewe alimwangalia tu, akila nyama yake.

Jumapili moja wakaja wageni, marafiki wawili wa muuza nyama. Mke akaweka bakuli la saladi katikati ya meza, mbele ya sahani ya nyama.

"Nikamuuliza mbele za watu, 'Mke wangu, siku hizi unafuga sungura?' Wakacheka. Nikaona nimepata mchezo. Nikachukua majani mawili, nikayasimamisha kichwani hivi, kama masikio." Anainua mikono kuonyesha, kisha anaishusha haraka. "Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Hata yeye alicheka."

Anachukua kitunguu na kuanza kukimenya.

"Alicheka, halafu akalibeba bakuli akalirudisha jikoni. Sikuliona tena mezani. Na mimi sikuuliza liko wapi."

Mwaka mmoja na miezi mitano iliyopita, saa nne asubuhi, mke wake alianguka kutoka kwenye kiti cha cherehani. Kilikuwa kiharusi. Alilala hospitali siku tatu bila kufumbua macho, akafariki. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Daktari alimweleza mume kwamba ugonjwa ule una sababu nyingi, na kwamba mgonjwa alikuwa ameacha vidonge kwa miezi kadhaa bila kumwambia mtu. Akamsihi asijibebeshe mzigo wote peke yake.

"Nilimshukuru," anasema muuza nyama. "Ni mtu mwema. Ila hakuwepo siku ile ya masikio ya sungura."

Mama mkwe alikuja kwa ajili ya mazishi. Zamani aliuza mboga sokoni, kazi iliyomsomeshea watoto wawili, mpaka macho yalipoanza kumtupa. Mwanawe wa kiume ni dereva wa malori, nyumbani huonekana mara moja kwa mwezi. Baada ya mazishi dereva alimwomba shemeji yake amtunzie mama wiki mbili tu, wakati yeye mwenyewe akitafuta pa kumweka. Wiki mbili zikawa miezi.

Kabla ya msiba bibi alizoea kumwita mkwe wake "mwanangu". Tangu siku ya mazishi alianza kumwita "mwenye nyumba".

"Mwenye nyumba, mlango uko upande gani? Mwenye nyumba, naomba maji," muuza nyama anaiga kwa sauti ya chini ili asisikike sebuleni. "Afadhali angenitukana."

Alimpeleka hospitali kwa ajili ya macho. Wakaambiwa upasuaji hauwezekani: presha ilikuwa mia na tisini juu ya mia na kumi. Ishuke kwanza. Nesi akampa bibi vidonge, kisha akamgeukia muuza nyama. "Baba, punguza chumvi, punguza mafuta, mpe mboga mbichi kwa wingi. Saladi kila siku."

"Aliposema saladi, nilijifanya nasoma pakiti ya vidonge," anakumbuka.

Jioni hiyo alikata kabichi kwa kisu cha bucha, akakata karoti vipande vikubwa kama kidole gumba, akavimwagia maji ya bomba na kuvitia bakulini vikiwa bado vinadondosha. Chumvi hakuweka. Bibi alitafuna mara tatu, akatema kwenye kiganja.

"Mwenye nyumba, hiki ni nini?"

"Saladi, mama."

"Miaka kumi na tisa umekaa na mwanangu, hakukufundisha hata kukata karoti?"

Bibi alilala na njaa siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Alikuwa tayari amekonda tangu msibani. Muuza nyama alipata woga mkubwa, na kwa woga huo akafanya kosa ambalo mpaka leo analisimulia ameinamisha kichwa: alianza kutia chumvi kwa siri. Kijiko kimoja, halafu viwili. Bibi akala. Akaongezwa, akala tena. Nyongeza akawa anarudi bucha akiimba.

Baada ya wiki tatu walirudi hospitali. Presha ilikuwa imepita mia mbili. Nesi akaacha kuandika. "Mnampa nini huyu mama?"

"Saladi tu," alijibu bibi kwa kujiamini. "Bila chumvi. Huyu anajitahidi."

Hapo ndipo muuza nyama alipopiga moyo konde akasema ukweli, mbele ya nesi na mbele ya foleni nzima. Nesi alimsema mpaka jasho likamtoka.

Walipofika nyumbani bibi alikaa kwenye kiti hiki hiki.

"Unajua mwanangu alikuwa anakula wapi saladi yake?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Kwangu. Kila Jumamosi. Anakuambia anapeleka sare, anakuja kwangu na kikapu chake, tunakata, tunakula. Anakula kwa haraka kama mwizi. Namwambia, mwanangu, pika nyumbani kwako. Ananiambia, mama, kule nachekwa."

Muuza nyama anasema alikaa chini, sakafuni. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia hata makaburini. Bibi hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akamwambia kitu ambacho hakukitarajia.

"Nyanyuka. Lete kabichi, lete limau, na lete kisu kidogo. Hilo panga lako liache huko huko bucha."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Mpaka leo utaratibu ni ule ule: yeye anakata, bibi anashika, ananusa na kuonja.

"Unatafuta chumvi kwa sababu mboga yako imelowa," bibi anaeleza sasa, akikunjua taulo safi ambamo majani ya saladi yamefungwa. Anayakung'uta na kuyagusa mashavuni mwake kupima kama yamekauka. "Maji yakibaki, limau linazimika, kila kitu kinakuwa baridi tu mdomoni. Halafu mtu anasema mboga hazina ladha. Ladha ameimwaga mwenyewe."

Muuza nyama anakata kabichi nyembamba kama nyuzi, anaikamulia limau na kuifinya kwa vidole mpaka inalainika. Vitunguu ameshaviloweka kwenye maji na kuvikamua ili visiwashe. Vijiti vya giligilani havitupwi. Vinakatwa vidogo vidogo. Kwenye kikaango kikavu anachoma karanga zisizo na chumvi, kisha anazitwanga nusunusu, zisiwe unga.

"Zimefika?" anauliza.

"Bado. Zinanuka ubichi," anajibu bibi kutoka mezani. Baada ya nusu dakika: "Toa sasa! Toa, zisiungue!"

Mchuzi wa saladi ni mtindi, kitunguu saumu kilichopondwa, limau na parachichi bivu lililosagwa kwa uma, badala ya mafuta ya chupa. Maharage yaliyochemshwa huongezwa viganja viwili, maana, kwa maneno ya bibi, "majani matupu hayamfikishi mtu jioni." Mchuzi unamiminwa mwisho kabisa, watu wakiwa wameshakaa.

Haikuwa kazi ya siku moja. Muuza nyama anasema mwezi wa kwanza alijikata vidole mara tano, yeye ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kujikata buchani. Mke wake pia alikuwa na mkono wake kwenye saladi, kitu alichokuwa akitia mwishoni, chachu kidogo, tamu kidogo. Bibi anaikumbuka ladha yake lakini hakuwahi kumwona akikitia. Wamejaribu embe bichi, wamejaribu chungwa, wamejaribu tangawizi.

"Siyo," husema bibi kila mara.

Kuna siku alisema siyo, akaweka kijiko chini, akaenda chumbani. Muuza nyama alikula bakuli lote peke yake, akiwa amesimama jikoni.

Sasa wanakula pamoja, uso kwa uso. Maongezi yao ni ya mboga: ipi imepanda bei, ipi imeharibika kwa mvua. Jina la marehemu hutajwa mara chache, na likitajwa wote wawili huacha kutafuna kidogo.

Wiki mbili zilizopita presha ya bibi ilisoma mia na thelathini na nane juu ya themanini na nne. Nesi alishangilia mpaka wagonjwa wakageuka. Vidonge vimesaidia, alisema, na bakuli limesaidia. Upasuaji wa jicho la kwanza umepangwa mwezi ujao.

Habari hiyo njema imekuja na nyingine. Dereva amepata nyumba kubwa zaidi. Amempigia simu shemeji yake kumshukuru na kumwambia kwamba mama akishapona macho atakuja kumchukua. "Umetusitiri sana, shemeji. Sasa upumzike."

"Nipumzike na nani?" anauliza muuza nyama, akifuta kisu kidogo kwa kitambaa, upande huu na upande ule, ingawa kimeshakauka. "Hakuna damu inayotuunganisha. Mtoto hatukupata. Mama wa watu anaenda kwa mwanawe, ni haki yake. Lakini nikifikiria saa saba inafika na sina sababu ya kunawa mikono..."

Mezani, mwandishi anamuuliza bibi kama angependa kwenda kwa mwanawe au kubaki hapa.

Bibi anatafuna taratibu. Anameza. Anapapasa ukingo wa bakuli akitafuta kijiko.

"Mimi sijaulizwa," anasema. "Watu wanapigiana simu juu ya kichwa changu."

Jikoni, sufuria iliyokuwa ikisuguliwa inanyamaza.

Saa nane kasoro kidogo muuza nyama anatembea kurudi bucha. Yule mama mwenye kikapu ameshafika, anamngoja mlangoni. Kabla ya kufungua kufuli anasimama, anatazama nyumba alikotoka.

Anasema ameamua. Jumapili hafungui bucha. Atakata mboga mapema, bibi akishashiba atakaa mbele yake na kumuuliza.

"Mke wangu sikumuuliza kitu," anasema. "Miaka yote ile, hata mara moja sikumwambia, 'Wewe unataka kula nini?' Huyu nitamuuliza. Akisema anakwenda, nitamfungia nguo zake vizuri, na nitamwandikia shemeji namna ya kukausha majani."