Majibu Yaliyobaki Kabatini

Siku tuliyomzika Dokta pale Mikumi, aliyesoma wasifu wake alitaja vyeo vyote, semina zote na nchi zote alizowahi kwenda, kisha akakosea ugonjwa alioutafiti maisha yake yote. Alisema ni homa ya matumbo. Hakuna aliyemsahihisha. Malori yaendayo Iringa yalikuwa yakipita karibu kabisa na hema, kila moja likifunika sentensi mbili tatu, na wageni waliotoka Dar es Salaam waliendelea kutikisa vichwa kwa huzuni hata pale ambapo hapakusikika neno. Mimi nilisimama nyuma, karibu na masufuria ya pilau, ambako wanawake wawili walikuwa wamepewa fimbo za kufukuzia nyani.

Ugonjwa wenyewe tuliuita homa ya maziwa. Unatoka kwa ng'ombe na mbuzi, unamwingia mtu kwa maziwa mabichi au anapomzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Homa inakuja na kuondoka, viungo vinauma, na kwa mwanamke mjamzito mimba inaweza kuharibika. Unafanana na malaria kiasi kwamba mtu anaweza kumeza dawa za malaria miaka mitatu asipone. Yeye aliutafuta katika damu za wakulima na wafugaji wa Kilosa, kijiji kwa kijiji, wakati wenzake wengi walipenda magonjwa yenye semina kubwa zaidi. Nilimheshimu kwa hilo. Sikuwahi kumwambia.

Nilipokwenda kuomba kazi ya msaidizi, nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huo huo, na nilikuwa na maswali mengi kuliko adabu. Nilimuuliza wananchi wanapata nini. Nilimuuliza kama si kweli kwamba watafiti wanajenga majina yao kwa damu ya watu wasio na pa kulalamika. Alinisikiliza huku akitafuna hindi la kuchemsha, akafuta midomo.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Dokta."

"Basi anza Jumatatu. Utaendelea kushuku ukiwa kazini, huku unabeba masanduku."

Kila tulipofika kijiji kipya, watu walikuwa na neno moja mdomoni: mumiani. Damu zetu mnazipeleka wapi? Mnamuuzia nani? Yeye hakuhutubia. Aliomba kigoda, akakunja mkono wa gauni, akaniambia nianze na yeye, mbele ya wote. Kwa hiyo mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama za sindano kama wa mgonjwa wa kudumu. Kule Zombo mzee mmoja alipaza sauti: "Na hiyo yako tunataka majibu yake! Usije ukatuletea ya kwetu tu!" Watu wakacheka. Aliporudi mwezi uliofuata alisoma majibu yake kwanza, kwa sauti, na yule mzee akasema, "Haya, huyu ni mtu." Tangu siku hiyo wakamwita Mama Damu, na halikuwa tusi.

Kupeleka majibu ndiko kulikotugombanisha. Karatasi hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu, ili jirani akiiona asijue ni ya nani. Namba hiyo hiyo ilikuwa imepakwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa kila nyumba tuliyopima, na daftari lililounganisha namba na majina lilikaa kabatini ofisini Kilosa. Ungedhani inatosha: unaangalia mlango, unatoa karatasi, unaondoka. Yeye alikataa. Alitaka uandike jina kwenye kiganja kabla hujatoka ofisini, ufike, usalimie, ukae, umuulize mtu jina lake, la mume wake na la mtoto wake wa mwisho, ndipo utoe karatasi. Nyumba nne kwa siku, tano ukikimbia. Nilimwambia tunapoteza muda. Alisema kama nina haraka niende shamba la mbegu la Kilangali nikahesabu mbegu za serikali, zenyewe hazina majina.

Siku moja mwishoni mwa masika alinituma Zombo peke yangu na karatasi tano. Njia ilikuwa tope tupu. Ya mwisho ilikuwa ya mwanamke wa kifugaji, ndiyo pekee iliyoonyesha ugonjwa. Kiganja changu kilikuwa kimelowa na jina limefutika. Nikaona mlango wenye namba ya karatasi, rangi nyekundu, haina utata. Mwanamke kijana akatoka.

"Ulipimwa damu na Dokta?"

"Ndiyo, kaka."

"Hii yako. Nenda zahanati, watakupa dawa. Umeze zote, usikatishe."

Alipokea kwa mikono miwili. Sikukaa. Sikuuliza jina. Nyumba ilikuwa ya kikulima kabisa, na shamba la mahindi mlangoni, na bado sikuuliza. Mtu aliyejisifu kwamba anauliza kila kitu.

Nilichotakiwa kujua kila mtu wa Zombo anakijua. Mlango wa mbao ngumu ni mali. Mtu akihama hauachi. Anaung'oa pamoja na fremu yake, anaondoka nao au anaubadilisha kwa chakula. Ile familia ya wafugaji ilikuwa imehamia bondeni baada ya ugomvi wa mashamba, na mlango wao, na namba yetu juu yake, ukaenda kwa mkulima kwa magunia mawili ya mahindi.

Wiki kadhaa baadaye Dokta alikuwa akipitia orodha ya waliotakiwa kurudi kupimwa tena. Akaniita.

"Huyu mama wa kifugaji wa Zombo hajaonekana. Ulimpa mwenyewe?"

"Nilimpa."

"Ulimuuliza jina?"

"Ndiyo."

Aliniangalia, akaweka alama ya vyema kwenye orodha. Sijui kama aliniamini. Ningependa kufikiri hakuniamini, ingekuwa nafuu. Siku ya tatu yake alianguka ofisini asubuhi, akichemsha maji ya chai. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Presha. Dawa zake tulizikuta kwenye sanduku la barafu, katikati ya chupa za damu za watu, nyingi hazijaguswa. Niliwahi kumpima wakati wa mafunzo, mashine ikaonyesha namba ya kutisha, akasema, "Mashine imechoka hiyo," nami nikacheka. Vijiji vyote vile vilidai majibu ya damu yake. Sisi tuliokaa naye kila siku hatukumdai hata kumeza kidonge.

Pale msibani, wakati wasifu unaendelea, mwanamke mmoja alikuja nilipokuwa nimesimama. Alivaa shuka la kifugaji, tumbo lake limeshatokeza, kama miezi mitano. Alikuwa ametoka Zombo alfajiri kwa lori la mkaa.

"Wewe ulikuwa na Mama Damu."

"Ndiyo, mama. Pole kwa safari."

"Wenzangu wote wameletewa majibu. Mimi bado. Mimba mbili zimetoka. Hii ya tatu. Aliniambia, ngoja majibu, tutajua. Sasa yeye amekufa. Majibu yako wapi?"

Nikamuuliza anakaa wapi. Akanieleza bondeni, walihama. Nikamuuliza na ile nyumba ya zamani. Akasema nyumba ilibomoka, mlango wamepewa watu. Alisema hivyo tu, kama mtu anavyosema mvua imenyesha.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilijua. Lakini nilijiambia kwamba zahanati haitatoa dawa kwa maneno, inataka karatasi yenye saini, na karatasi inataka daftari, na daftari liko kabatini. Yote hayo yalikuwa kweli. Nikamwambia, "Nitakuletea."

"Lini?"

"Wiki hii."

Jumatatu nilimkuta msimamizi wa mradi ofisini Kilosa. Kabati lilikuwa limefungwa kwa kufuli na utepe. Alikuwa mtu mpole, mwenye woga wa kawaida wa mtu mwenye watoto shuleni.

"Haifunguliwi mpaka wakuu waje kufanya makabidhiano," alisema. "Takwimu ni mali ya mradi."

"Ni damu ya watu, kaka. Watu wana haki ya majibu yao."

"Najua. Andika barua."

Niliandika. Niliandika kurasa tatu, nzuri sana, kuhusu maadili ya utafiti, na unyonyaji, na jinsi taasisi zinavyowazika watu wake kwa sherehe na kuiacha kazi yao ioze. Nilizungumza kwenye kikao. Nilituma ujumbe kwenye kundi la simu la wafanyakazi, watu wakaweka alama za makofi. Nilimlaumu hata marehemu, kwamba mradi mzima aliuweka kichwani mwake, hakumfundisha mtu kushika ufunguo. Nililosema juu yake ni la kweli, na bado nalisema. Lakini siku tisa zilipita hivyo, na katika siku hizo tisa sikusema sentensi moja iliyohitajika.

Siku ya kumi msimamizi aliniuliza, amechoka, "Lakini kwa nini hasa huyu mmoja? Walibaki wengi."

"Kwa sababu karatasi yake nilimpa mtu mwingine."

Akaweka kikombe chake cha chai mezani. Kisha akachukua mkasi, akakata utepe mwenyewe. Kulikuwa na utaratibu wa kosa la namna hiyo, fomu ya ukurasa mmoja. Kabati lilifunguliwa, daftari likatoka, karatasi mpya ikatiwa saini, kabla chai yake haijapoa. Alisema tu, "Ungesema siku ya kwanza, bwana." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nilipanda bodaboda hapo sokoni. Dereva alinitazama na mkoba wangu. "Bro, wewe ni wa damu au wa mbegu?"

"Wa damu."

"Aisee, poleni na mama yenu. Alikuwa anabishana bei mpaka unamshusha bure."

Kwanza nilipita kwa yule mkulima mwenye mlango. Nilimkuta baba mkwe wa yule mwanamke kijana, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza kosa. Akamwita mkwe wake.

"Njoo usikie! Kumbe ulikuwa mzima!"

Yule dada alisimama mlangoni, pembeni ya namba yangu nyekundu. Alikuwa amemeza dawa zote, wiki sita, bila kukatisha, kama nilivyomwagiza.

"Nilitapika kila asubuhi," alisema. "Nikawa nakojoa rangi ya machungwa. Nikasema, ndiyo ugonjwa unatoka."

"Nisamehe, dada."

"Si Dokta alisema?"

"Dokta hakusema. Nilisema mimi."

Mzee alicheka, lakini mkwe wake hakucheka. Akaingia ndani akafunga.

Kutoka pale ni mwendo wa saa nzima kwa miguu hadi bondeni. Boma lilikuwa kimya, ng'ombe wameshapelekwa malishoni. Yule mama alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba, amejifunika shuka ingawa jua lilikuwa kali. Nilimwona kabla hajaniona. Tumbo halikuwepo.

Nikakaa chini. Nikamuuliza jina lake. Akanitajia, na la mume wake, na la mtoto wake wa pekee aliye hai. Yote yalilingana na daftari. Nikamsomea majibu: una homa ya maziwa, ina dawa, inatibika, maziwa yachemshwe.

"Ilitoka juzi," alisema.

"Pole sana, mama."

"Ungeniambia siku ile ya mazishi, ingebaki?"

Nimesomea kushuku. Kichwani jibu lilikuwa limeshajipanga: mimba huharibika kwa sababu nyingi, hatuwezi kuthibitisha chanzo kwa mtu mmoja, hata dawa ikianza mapema haina hakika. Hakuna mtaalamu ambaye angenipinga. Niliona jinsi ningeweza kuishi ndani ya jibu hilo miaka yote, kwa raha, na nikaona pia kwamba yule tuliyemzika alilijua kuliko mimi na asingelitumia.

"Sijui," nikasema. "Huenda ingebaki. Karatasi yako ilitoka tangu masika. Nilimpa mtu mwingine kwa sababu sikuuliza jina. Na tangu mazishi nilikuwa najua."

Alinitazama. Hakulia, hakunitukana. Aliuliza kwa utaratibu, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu:

"Na huyo mwingine, amepona nini?"

"Hakuwa mgonjwa."

Akatikisa kichwa. Akasimama kwa kushika ukuta, akafunga shuka vizuri kiunoni, akaninyooshea mkono. Nilidhani anataka nimsaidie kutembea. Alitaka karatasi. Nikampa. Akaanza kwenda zahanati, polepole, nami nikamfuata nyuma. Nilipoharakisha ili niwe sambamba naye, alisimama, akasubiri mpaka niliporudi nyuma, ndipo akaendelea.