Gobore Tupu la Shabaha

Mshonaji yule aliolewa kwa kiapo. Kaka yake aliuawa na gobore ambalo nyumba nzima iliamini halina kitu, kwa hiyo Shabaha alipokuja kuposa na sifa zake zote za uwindaji, binti alimwambia mbele ya wazazi: "Bunduki yenye mzigo hailali chumba kimoja na mimi." Shabaha akaapa. Kwa kuapa, bwana yule hana mpinzani!

Tangu hapo, kila akirudi kutoka porini, kabla hata hajavua viatu, mke humuuliza, "Tupu?" Naye hujibu, "Tupu, mama watoto," akalitundika gobore lake juu ya kitanda kwenye misumari yake miwili. Miaka ishirini na mbili. Watoto wanne wamenyonya na kutambaa chini ya gobore hilo, na mama yao akilala fofofo kwa neno moja la mumewe.

Sasa, wiki ile kitako cha gobore kilikuwa kimelegea. Shabaha kila siku ni "nitalipeleka kesho," na kesho yenyewe haifiki. Mkewe akaona ngoja nimfanyie wema. Mume alipotoka asubuhi, akalizungushia shuka, akalibeba begani katikati ya watu hadi kwa fundi chuma, rafiki yao wa siku nyingi.

Fundi, kabla ya kugusa kitako, alichukua mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, akautumbukiza kwenye mtutu. Ukagota mapema, ukabaki umechomoza vidole vinne.

"Shemeji, mbona umeniletea na mzigo wake?"

"Mzigo gani? Hilo tupu."

"Tupu wapi!" Fundi akacheka. "Shabaha hushindilia huko huko porini, ili safari nyingine asihangaike. Anatoa fataki tu, ile ya kuwashia baruti. Siku zote. Kwani hujui?"

Hakujua. Fundi alijua, wawindaji wenzake Shabaha walijua, na hata mtoto wao mkubwa, alipoulizwa, aliinamisha kichwa. Jamani! Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndiyo kazi yake. Alirudi nalo nyumbani, akakaa kwenye cherehani akashindwa kutunga uzi, kwa uchungu na kwa aibu ya kuwa mjinga peke yake.

Shabaha aliporudi hakukana. "Bila fataki litalia vipi? Hilo ni gongo tu! Na kulitoa mzigo ni mpaka ulipige hewani, baruti ipotee bure. Halafu kuna aliyekufa hapa?"

"La kaka yangu nalo lilitolewa fataki. Akaja mtu asiyejua, akaweka nyingine ili alijaribu. Nilikusimulia, ukalia pamoja na mimi."

Shabaha akalichukua gobore, akaenda nyuma ya nyumba, akalipiga juu. Kuku wakatawanyika, majirani wakachungulia. Akarudi anatoka jasho.

"Haya. Sasa tupu. Haki ya Mungu."

"Najua. Nimesikia mlio." Mke alikuwa ameshakunja shuka, anavuta godoro.

"Sasa hilo godoro linakwenda wapi?"

"Chumba cha wasichana."

"Lakini si nimekwambia ni tupu!"

"Umeniambia hivyo miaka ishirini na mbili, baba watoto. Shika upande huo, tulipitishe mlangoni."