Mwanamke Niliyemtafuta Ndani ya Simu ya Hamdani

Nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba, mchana kweupe, anaibusu simu.

Siyo utani. Aliibusu mara mbili, akacheka peke yake.

Mimi ni Yasmina, fundi cherehani hapa Gisenyi. Mume wangu Hamdani anapeleka mizigo Mahoko kwa gari. Miaka tisa ya ndoa, mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kubusiwa namna ile.

Wivu ukanipanda mpaka chakula hakipiti.

Mezani macho yake kwenye simu. Mtoto wetu Mwiza anamsemesha, hasikii. Siku moja akamsahau shuleni, mtoto kakaa getini na mvua yote ile hadi jirani akamleta.

"Ni nani huyo?" nikamuuliza.

"Mi sina mutu, Yasmina."

"Basi lete simu."

Akakataa.

Nikaiba namba yake ya siri. Akienda kuoga, nafungua. Natafuta jina la mwanamke. Hakuna. Natafuta tena.

Wiki ya tatu nilimbana, akanionyesha mwenyewe. Ni mchezo wa kubahatisha. Picha zinazunguka, zinasimama, ukishinda pesa, kengele inalia.

Nikakaa chini. Mwanamke ningejua pa kumshikia. Picha zinazozunguka nitazishika wapi?

Tukaenda kwa Pascasie, muuguzi wa kituo cha afya.

"Ubongo iko na sehemu inatupatia raha," akatueleza. "Huu muchezo umeizoesha vibaya. Sasa hata akishinda, raha ni kidogo. Kinachomushika ni ile dakika ya kungojea, pengine sasa itatoka. Donc, kwa hivyo, kumugombeza hakutoshi. Inabidi asaidiwe."

Nikaitikia kwa kichwa kama aliyeshinda kesi.

Hamdani akasema polepole, "Muulize na yeye. Anafungua simu yangu mara ngapi kwa siku?"

Pascasie akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Nilitaka kudanganya. Ila asubuhi ile tu nilikuwa nimeifungua mara sita, ingawa nilishajua hakuna mwanamke. Nisipokuta kitu, napumua. Dakika kumi tu, mikono inawasha tena. Pengine sasa kipo.

Nikalia mbele yao wote wawili.

Siku hizi tunaenda pamoja kila Alhamisi. Hamdani ana miezi mitano hajacheza.

Mimi nina siku tisa.

We unayesoma hii huku umeshika simu ya mwenzako, irudishe mezani. Wivu nao unalevya, na mimi nimechelewa sana kulijua.