Namba Zilizotupwa

Fundi wa pampu za mfereji havui koti hata akikaa mbele ya kompyuta. Kwenye skrini ana visanduku vilivyounganishwa kwa mistari, na kimoja kazi yake ni kuchuja: kipimo cha maji kikiruka ghafla, namba ile inatupwa, pampu zisibabaike. Ila kwenye kisanduku hicho amechora mstari mwingine hadi kwenye simu yake, kila namba iliyotupwa imlilie mfukoni. Leo karudi ameloa hadi magotini.

"Bata tena?" Wietske, mwenzake wa zamu, alimuuliza akimsogezea kahawa.

"Bata. Kakalia kipimo."

"Ufute huo mstari, mzee wangu. Utakuua."

"Siku zizi la mfugaji Hoekstra lilipojaa maji, nilisema ni bata, sikwenda kutazama."

Simu ikalia. Akaiacha kahawa, akaifuata baiskeli.