Debe Chini ya Rangi

Nilipaswa kukataa. Mwenye gari alisimama mlangoni mwa gereji yetu pale Bondeni, mikono mfukoni, akaniambia, "Fundi, ziba tu. Nani atainama kuangalia chini ya milango?" Nami, mtu mzima niliyeshika nyundo karibu miaka thelathini, nikamjibu, "Sawa, mkubwa."

Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, la wazi, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Alilinunua kutoka shamba moja upande wa Njoro, ambako lilikaa miaka mingi kwenye banda, kuku wakilala ndani. Watu huona picha za magari kama hayo wakatabasamu. Mimi nililiona likishushwa kwenye lori na nikaziba pua. Viti vilikuwa vimeganda mavi ya kuku. Ndani ya milango panya walikuwa wamejenga, wakazaa, wakafa. Nilipovuta zulia, sakafu ilikuja nalo, na kutu ikamwagika miguuni mwangu kama majani ya chai. Harufu ya mkojo wa panya iliniingia kwenye nguo hata mke wangu akaniwekea ndoo ya maji nje, nivue kabla ya kuingia nyumbani.

Gereji tuliimiliki wawili. Mimi nilinyoosha mabati na kupiga rangi. Mwenzangu alikuwa welda, fundi wa kuchomelea vyuma, na sijaona mkono kama wake mjini Nakuru. Tulikuwa na sheria moja: kabla ya rangi ya mwisho, kila mmoja alipitisha sumaku juu ya kazi ya mwenzake. Sumaku hushika chuma. Ikifika mahali palipojazwa fila, ule uji mzito wa kuzibia mashimo, inaanguka. Ikianguka, kazi inarudiwa, na hakuna kununa. Kwa sababu ya sumaku hiyo watu walitoka hadi Gilgil kutuletea magari.

Basi mwenzangu akafiwa na mama yake huko Elburgon. Kabla ya kuondoka aliinama chini ya gari, akagonga mihimili miwili ya chuma, yenye uwazi ndani, inayopita chini ya milango. Ilikuwa imeoza kabisa.

"Hapa usiguse mpaka nirudi," alisema. "Gari halina paa. Huu ndio mgongo wake. Tutakata yote, tuweke chuma kipya."

"Nenda uzike mama, bwana. Mgongo utakungoja."

Haukumngoja. Mwenye gari alitaka kumbeba mke wa mwanawe siku ya harusi, na harusi ilikuwa imekaribia. Kila asubuhi aliteremka kutoka Milimani kunihimiza. Ukweli ni kwamba hakunilazimisha. Watu walikuwa wameanza kusimama pale nje na simu zao, wakilipiga picha, wakiniita "yule mzee wa ile gari". Nilitaka kuonekana nimelimaliza. Ni aibu kuandika hivyo katika umri wangu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikajaza mihimili magazeti ya zamani. Juu yake nikapaka fila. Mafundi wengi hufanya uchafu huo, na kama ningeishia hapo, ningekuwa fundi mchafu kama wengine. Lakini niliikumbuka sumaku. Nikachukua debe la mafuta ya kupikia, nikalikata vipande virefu, nikalibandika juu ya ile fila, nikapitisha fila nyingine nyembamba kama ganda la yai. Nikapiga msasa, nikapiga prima, ile rangi ya kwanza, ya kijivu. Lile debe halikuwa la mteja. Lilikuwa la kumdanganya mtu mmoja tu.

Mwenzangu aliporudi alisimama akashangaa.

"Nani amechomelea?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe huchomelea kama kuku anayeharisha."

"Pima basi."

Akatoa sumaku, akaipitisha polepole kutoka mbele hadi nyuma. Ikashika, kwa unyonge, lakini ikashika. Akanipiga bega. "Kumbe mzee anaweza kujifunza. Sasa mimi nitakula wapi?" Tukacheka wote wawili. Kile kicheko changu nikikikumbuka, natamani kutema mate.

Siku ya harusi tulialikwa. Tulisimama karibu na lango la uwanja wa sherehe, yeye na suti yake ya kanisani. Gari liliingia taratibu, jekundu, turubai limekunjwa, watu sita wamebanana ndani. Likapanda tuta la langoni. Nikasikia mlio kama mti mkavu unaovunjika. Katikati ya gari pakabonyea, milango ikabanwa, hakuna aliyeweza kuifungua. Ilibidi vijana wambebe bibi harusi juujuu, viatu vimemtoka, huku mmoja akimwita mama kwa Sheng, "Mathe, shika gauni, watu wanaona!" Wengine walicheka, wengine walirekodi.

Mwenye gari alimwendea mwenzangu moja kwa moja. "Wewe ndiye welda. Hii ni kazi gani umenifanyia?"

Aliyasema hayo akijua aliniambia nini. Alinitupia jicho mara moja, kisha akaendelea kumtukana mwenzangu mbele ya umati. Nami nilijua, nikanyamaza.

"Nilipima mwenyewe," mwenzangu alisema. "Hapa pana chuma."

Akapiga magoti na suti yake, akachokoa pale palipopasuka kwa funguo zake. Fila ikabanduka kama ukoko wa ugali. Likatoka gazeti lililolowa, linanuka. Kisha akavuta kipande cha debe, bado kina maandishi ya mafuta. Aliyasoma, akanigeukia. Alikiweka mfukoni, akatoka kwa miguu.

Kesho yake nilikwenda kwake, nikakiri yote. Nilimwambia nitakwenda kusema hata kanisani.

"Sema ukitaka," alinijibu. "Ungeweka fila tu, ningekutukana, tukafanya kazi. Lakini wewe ulikaa chini ukanifikiria mimi. Ukajua nitapima wapi. Ukakata debe."

Nilisema kweli, kwa mwenye gari na kwa kila aliyenisikiliza. Haikusaidia. Ile video ilikuwa imezunguka mji mzima, na ndani yake anayetukanwa ni yeye. Vijana walimwita Mzee Debe hata sokoni. Wateja wa kuchomelea wakapungua, halafu wakakoma. Akaja na mkokoteni, akachukua mashine yake bila kuingia ofisini kunisalimia, akahamia Elburgon kulima kipande cha mama yake. Simu zangu hapokei. Nimewahi kwenda hadi kwake mara mbili; mke wake alinikaribisha chai, mwenzangu mwenyewe akabaki shambani mpaka nilipoondoka.

Nilimpoteza rafiki niliyefanya naye kazi nusu ya maisha yangu. Yeye alipoteza jina lake la kazi kwa kosa ambalo hakulifanya, na sina namna ya kumrudishia.